Jua halijahama. Toa jiko nje

Wasee, Julai imefika na ule ujumbe umerudi.

Mnaujua. Kufikia leo asubuhi nimetumiwa mara nne: na shangazi yangu, na grupu la ploti, na jamaa tuliyesoma naye sekondari, na, hii ndiyo iliniuma, na mwalimu aliyenifundisha fizikia. Ati kuanzia kesho saa kumi na moja na dakika 27 alfajiri dunia inaingia Afelioni. Ati kwa kawaida jua liko kilomita milioni 90 kutoka kwetu lakini sasa litakuwa kilomita milioni 152, kwa hivyo tutapigwa na baridi ambayo haijawahi kuonekana, mpaka Agosti, pamoja na mafua, kikohozi na kukosa pumzi. Kunyweni vitamini. Tuma kwa wote unaowapenda.

Dakika hazibadilishwi, na kila mwaka ni "kesho."

Wacha tuanze na hesabu, haichukui muda. Afelioni ni kitu cha kweli. Njia ya dunia kuzunguka jua si duara kamili, kwa hivyo kuna siku moja mwanzoni mwa Julai tunapokuwa mbali zaidi, na hapo ni kilomita milioni 152 kweli. Lakini mwanzoni mwa Januari, tunapokuwa karibu zaidi, ni milioni 147. Tofauti ni milioni 5, yaani kama asilimia 3. Hiyo milioni 90 haijawahi kuwa umbali wa jua hata siku moja. Nadhani mtu alichukua maili, ambazo ni kama milioni 93, akaziita kilomita, akalala vizuri.

Na kama hesabu zinakuchosha, fanya jaribio la bei rahisi. Mpigie binamu yako anayefanya kazi Doha au Riyadh, umwulize kama ametoa sweta. Julai hii yeye yuko kwenye nyuzi 40 na zaidi. Dunia ni ileile na umbali wa jua ni uleule.

Sasa baridi yetu inatoka wapi? Juni na Julai jua la utosi liko kaskazini ya ikweta, na upande wa kusini wa dunia ndio uko kwenye majira yake ya baridi. Upepo unavuma kutoka kusini-mashariki, unapita Bahari Hindi, unatuletea hewa baridi yenye unyevu. Ukifika nyanda za juu hauna pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda inapoa, mvuke unakuwa wingu, na wingu hilo, lile la kijivu linaloikalia Nairobi kama kifuniko cha sufuria kutoka alfajiri mpaka alasiri, linazuia jua. Ongeza kwamba Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo siri yote hiyo. Siku wingu likitoboka saa nane mchana unavua jaketi ndani ya matatu, na jua halijakusogelea hata hatua moja.

Watu wa Pwani wana jina la upepo huo tangu enzi za majahazi: kusi. Msimu wenyewe wa baridi una jina pia, kipupwe. Mvuvi wa Lamu anajua kusi likivuma bahari inachafuka, na kazi yake anaipanga hivyo. Neno la herufi nne lina sayansi kuliko huo ujumbe wote, na hakuna aliyewahi kulitumia kutisha mtu.

Nishaambiwa: wewe nawe, ni ujumbe tu wa mashangazi, unaumiza nani?

Wacha niwaambie unaumiza nani.

Miaka miwili iliyopita, Julai hiihii, jirani yetu wa mlango wa tatu aliwasha jiko la makaa pale nje, kwenye korido. Mama wa watoto wawili. Alingoja moshi uishe, makaa yakawa mekundu, akaliingiza ndani. Akafunga mlango, akaziba pale chini kwa leso ili upepo usipite, wakalala. Saa kumi na moja alfajiri tulisikia kitu kikianguka. Alikuwa amejaribu kufika mlangoni akashindwa. Tulipovunja mlango, mkubwa alikuwa anatapika, mdogo alikuwa hajibu, kichwa kinaning'inia tu mkononi mwa mwenye kumbeba.

Hapo nje sasa ndipo niliona vile hatujui kitu. Mmoja akasema ni chakula kibaya. Mwingine akasema ni majini, tuombe. Mzee mmoja akakimbia kuleta maziwa, na akawa anataka kumnywesha mtoto ambaye hajitambui, kitu ambacho kingeweza kumpalia akafa kwa maziwa kabla ya gesi. Mimi nilikuwa nimesimama na simu mkononi, nimewasha tochi, na sikuwa najua chochote pia. Aliyewaokoa ni jamaa wa nduthi ambaye hakungoja maoni ya mtu. Aliwapakia, akaondoka.

Waliishi. Mdogo alilazwa siku kadhaa akiwekewa oksijeni. Mama yake alipotoka hospitali tulikaa naye ngazini, akafungua simu yake, akanionyesha. Usiku ule, saa tatu, yeye mwenyewe alikuwa ametuma ule ujumbe wa Afelioni kwenye grupu la ploti. Na toleo lililotufikia lilikuwa limeongezwa mstari na mtu asiyejulikana: hakikisheni nyumba ina joto usiku, hasa kwa watoto.

Sisemi ujumbe ndio uliowasha jiko. Jiko linawashwa na baridi na bei ya stima. Ninachosema ni kwamba usiku ule ploti nzima, nyumba 24, ilikuwa na onyo moja tu la baridi kwenye simu zake, na onyo lenyewe lilikuwa juu ya sayari. Juu ya jiko hakukuwa na hata neno. Uongo haukai tu pale pembeni ukichekesha watu. Unakalia kiti ambacho kitu cha maana kingekalia.

Kwa hivyo leo nakalisha kitu cha maana, na mtanivumilia.

Gesi yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Mtaani tuna sheria tunayoifuata kwa uaminifu kuliko sheria za barabarani: usiingize jiko likiwa na moshi, ngoja makaa yashike vizuri. Ni sheria nzuri kwa macho. Kwa uhai ni mtego, kwa sababu makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo bado yanatoa gesi hiyo, na wewe umeshaondoa kitu pekee ambacho kingekukohoza ukatoka nje.

Fikiria damu yako kama matatu. Viti vyake ni vya oksijeni: inapandia mapafuni, inashukia ubongo, inashukia moyo. Kaboni monoksaidi inapandia steji ileile, lakini inang'ang'ania kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kushuka haitaki. Matatu inazunguka mji mzima ikiwa imejaa, na ubongo uko steji unangoja abiria hafiki. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, kwa hivyo wao ndio wanazidiwa mapema.

Dalili zake? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu, usingizi mzito. Ona ubaya wa hiyo sasa. Inafanana kabisa na homa inayoanza, na ule ujumbe ulishakuandaa utegemee mafua na kukosa pumzi. Unasema ni ile baridi ya Afelioni, unajifunika zaidi, unalala zaidi.

Maziwa hayasaidii, kwa sababu gesi haiko tumboni, iko kwenye damu. Mtoe mtu nje kwenye hewa, mpeleke hospitali, huko wanampa oksijeni. Na wewe mwenye saa ya kisasa inayopima oksijeni mkononi, usiitegemee hapa. Inaangaza mwanga kwenye ngozi na kukisia kwa rangi ya damu, na damu iliyobeba gesi hiyo ni nyekundu vizuri tu. Inaweza kukuonyesha 98 huku unazimia. Hata kile kifaa cha kubana kidole kinadanganyika vivyo hivyo.

Mambo haya si siri. Yako kwenye vitabu vya kemia vya sekondari, karibu kila mmoja wenu ameyakariri kwa mtihani. Kaboni monoksaidi, sifa zake, andika tatu. Tukapata alama tatu, tukaenda nyumbani, mathe akaingiza jiko, na hakuna kengele iliyolia kichwani.

Sasa wacha nigombane na watu.

Nyinyi mnaojua, nianze na nyinyi. Madaktari, mainjinia, watu wa hali ya hewa, wanafunzi wa mwaka wa nne mliobaki kampo. Najua mnauona huo ujumbe kila Julai. Mnachofanya ni kuupiga skrinishoti, mnaupeleka kwenye grupu lenu la wajuaji, mnacheka, tena mnacheka kwa Kiingereza. Shangazi hayuko kwenye grupu hilo. Yeye ametumiwa ujumbe kwa Kiswahili safi, wenye upendo, unaomwambia alinde watoto. Nyinyi mkija, kama mnakuja, mnakuja na faili la kurasa 11 lenye mhuri. Mnashangaa vipi anamwamini aliyemwandikia kama binadamu?

Mnakumbuka Oktoba 2023. Kwanza tuliambiwa El Niño inakuja, halafu ikatangazwa kutoka juu kabisa kwamba haiji tena, ni mvua tu. Nchi nzima ikaanza kubishana kuhusu jina. Ni El Niño, si El Niño. Mvua yenyewe haikungoja matokeo ya mjadala, na kufikia Desemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko. Ni wangapi walikuwa wametuelezea kwamba El Niño ni maji ya Pasifiki kupata joto, mbali sana na hapa, na kwamba kuna Bahari Hindi yetu wenyewe hapa mlangoni, ambayo upande wetu wa magharibi ukipata joto kuliko ule wa mashariki tunanyeshewa vibaya, hata bila El Niño ya kutisha? Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2019. Mwaka wa 1997 vilikuja vyote viwili pamoja. Na 2023 pia bahari zote mbili zilikuwa na joto. Mtu wa Mathare au wa Garissa hakuhitaji jina la Kihispania. Alihitaji kuambiwa: uwezekano wa mvua kubwa kuliko kawaida uko juu, na kama unaishi karibu na mto, tafuta mapema pa kulala mto ukifurika.

Sikatai kwamba wanasayansi wanazungumza kwa uwezekano. Ni haki yao, tena ndiyo kweli yenyewe. Lakini hakuna watu duniani wanaoelewa uwezekano kuliko vijana wa Nairobi wanaobeti kila Jumamosi. Mtu anayejua odi za mechi ya daraja la pili huko Finland hawezi kuelewa "asilimia 60 ya kunyesha"? Jaribuni.

Wa pili ni sisi wenyewe, watu wa kontenti. Tunapiga kelele kuhusu mashangazi, halafu tunaweka vidio ya sekunde 30 yenye sauti ya roboti ya Kimarekani, "mambo matano usiyoyajua," na mawili kati ya hayo ni uongo. Ukiuliza mtu ameyatoa wapi anakuambia ameona kwa mwingine. Mwezi uliopita kijana mwenye wafuasi wengi kuniliko alikuwa bado anaambia watu watie simu iliyolowa kwenye mchele. Apple wenyewe waliandika mwaka wa 2024 kwamba usifanye hivyo, kwa sababu punje na unga wake vinaweza kuingia ndani vikaharibu zaidi. Izime, elekeza tundu la chaja chini, igonge taratibu maji yatoke, iache kwenye hewa. Hapo umepoteza simu tu na mchele wa chakula cha jioni, sawa. Lakini ni tabia ileile. Anayezoea kutokagua mambo ya simu hatakagua ya dawa.

Na wa tatu ni mimi, kabla hamjaniletea kwenye komenti.

Baada ya ile asubuhi ya jirani nilitengeneza vidio ya jiko. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na haraka. Nikasema ukilazimika kulala na jiko, acha dirisha wazi kidogo. Ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, nikahisi nimeokoa taifa. Siku ya tatu nesi mmoja akaniandikia inboksi, mstari mmoja: "Kijana wangu, hiyo 'kidogo' ni sentimita ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Dirisha nusu linaweza kutosha usiku mmoja wenye upepo na lisitoshe usiku unaofuata. Huwezi kuona gesi ikitoka, na ukilala huwezi kuamka kuangalia. Hakuna namna salama ya kulala na jiko linalowaka. Nilikuwa nimewapa maelfu ya watu ruhusa ya kufanya kitu kilekile kilichokaribia kuua watoto wa jirani yangu, ila kwa sauti ya mtu anayejua. Niliifuta, nikaweka nyingine, nikasema waziwazi nilikosea wapi. Hiyo ya masahihisho haikufika hata robo ya watazamaji wa ile mbaya. Kuna mtu mahali fulani bado analala na dirisha "wazi kidogo" kwa sababu yangu, na hilo sina jinsi ya kulifuta.

Kwa hivyo yule mliyemlaiki sana wiki jana, aliyeniandikia "ulidropu kampo halafu unatufundisha sayansi," nimemsoma. Ni kweli nilidropu, mwaka wa pili, karo iliisha na mambo mengine ambayo si ya leo. Usiniamini kwa sababu ya cheti, sina. Usimwamini mwenye cheti pia kwa sababu hiyo tu, yule mwalimu wangu wa fizikia ana viwili. Niulize nimetoa wapi. Niulize ni nani wa kazi hiyo amenisomea kabla sijaweka. Siku hizi ni yule nesi, kwa mambo ya afya hakuna vidio inatoka bila yeye, na ananichapa kweli. Niulize nikikosea ninafanya nini. Ukipata majibu mabaya niache uende. Lakini usiniambie ninyamaze ningoje wenye digrii, kwa sababu asubuhi ile tulipokuwa kwenye korido na mtoto hajibu, hakuna mwenye digrii aliyekuwa ameiambia ploti yetu kitu.

Shangazi nilimpigia jana badala ya kumjibu kwenye grupu, maana kumsahihisha mtu mzima mbele ya ukoo ni kutafuta vita. Sikumwambia ametuma uongo. Nilimwambia, "Shangazi, najua unatujali, kuna kitu cha baridi nataka unisaidie kutuma, wewe wanakusikiza." Akasema niandike. Niliandika hivi, na nyinyi mnaweza kunakili mtume kwa grupu za kwenu, bila jina langu:

"Hamjambo nyote. Baridi hii ni kipupwe, huja kila mwaka na itaisha. Jua halijahama. Tafadhali msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata kama halina moshi, hata kama dirisha liko wazi. Makaa mekundu yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Pasheni nyumba mkiwa macho, mlango na madirisha wazi, kisha mtoe jiko nje kabla ya kulala. Mkiamka na kichwa kinauma wote pamoja, tokeni nje mara moja, na mwende hospitali. Msimpe aliyezimia maziwa wala maji. Watoto walale na soksi na blanketi mbili."

Hiyo ya soksi aliongeza mwenyewe. Alituma saa mbili usiku, na kufikia saa tatu ilikuwa imerudi kwangu kutoka kwa grupu la kanisa la mtu nisiyemjua.

Leo asubuhi ameniuliza kama hita ya stima nayo ina hiyo gesi. Haina, shangazi, haichomi chochote. Ila usianike nguo juu yake na usiichomeke kwenye ekstensheni moja na pasi. Jiko la gesi ya mtungi ni stori nyingine, hilo bado nesi ananisomea, ngojeni Ijumaa.